Bawabu wa Kompyuta na Mfumo Uliokosea kwa Ushairi

Mwishoni mwa miaka ya 1990 palikuwa na kivinjari cha intaneti kilichoomba radhi kwa mashairi. Kiliitwa NetPositive. Mtumiaji alipoandika anwani ya ukurasa usiopatikana, badala ya nambari ya kosa na sentensi kavu ya kiufundi alipewa haiku, lile shairi fupi la Kijapani lenye mishororo mitatu: mizani tano, saba, kisha tano. Waliounda programu ile waliona kwamba kukosa ukurasa ni huzuni ndogo, na huzuni ndogo yaweza kubebwa na shairi dogo. Nimejaribu kutunga moja ya Kiswahili kwa kipimo hicho:

Nimetafuta,
ukurasa haupo:
mchanga tupu.

Wahesabuji wa mizani wataona kuwa m ya "mchanga" nimeihesabu mizani kamili, kama tuhesabuvyo katika tarbia zetu. Tukubaliane hapo, kwani nina ugomvi mwingine leo. Nataka kueleza jinsi mfumo uliozaa kivinjari hicho ulivyonyimwa mlango, na kwa nini sisi tushughulikao na tungo na lugha tunapaswa kuijua kesi hiyo. Maana hoja iliyotumika kuulinda mlango ule ilikuwa hoja yetu sisi watunzi: haki ya mwandishi juu ya kazi yake.

Mfumo huo uliitwa BeOS. Uliundwa na Be, kampuni ndogo ya California iliyoanzishwa na Mfaransa Jean-Louis Gassée baada ya kuondoka Apple mwaka 1990. Mwaka 1996 Apple yenyewe ilikaribia kuinunua Be, mwisho ikaichagua NeXT ya Steve Jobs. Miaka miwili baadaye BeOS ikaanza kufanya kazi katika kompyuta za kawaida zenye vichakato vya Intel, zile zile zilizokuwa zikiuzwa na Windows ndani yake. Waliouona mfumo huo husimulia zaidi wepesi wake: uliwaka kwa sekunde chache na kuchezesha video kadhaa kwa pamoja bila kukwama, katika mashine ambazo leo tungezitupa. Upungufu wake ulikuwa programu. Hazikuwa nyingi, na mtu wa kawaida asingeweza kufanya kazi zake zote humo. Gassée alilijua hilo wala hakulificha. Aliuuza BeOS kama mwenza wa Windows, mfumo wa kushughulikia sauti na picha, ukae katika diski moja na mwenzake, kila mmoja na chumba chake.

Hapa inabidi nieleze jinsi mifumo endeshi miwili inavyokaa nyumba moja. Kompyuta inapowashwa haijui lolote. (Waingereza hulitaja tendo hilo kwa neno lililotokana na mtu anayejiinua kutoka ardhini kwa kuvuta kamba za buti zake mwenyewe, sisi tunasema kuwasha, kana kwamba ni taa, na nadhani tumewashinda kwa uzuri.) Programu ndogo mno huamka kwanza, nayo huuita mfumo endeshi kutoka katika diski. Ikiwa mifumo ni miwili, programu hiyo huonyesha orodha fupi, mistari miwili au mitatu, humpa mtu sekunde kadhaa za kuchagua, kisha hujiondokea. Nitaiita bawabu. Bawabu hana kazi nyingine siku nzima, wala hafahamu kinachofanyika sebuleni. Lakini asiyetajwa na bawabu ni kama hakuzaliwa.

Mwaka 1998 Be ilimpata mtengenezaji mkubwa aliyekubali kuwapa wateja wake mifumo yote miwili. Hitachi ya Japani, katika kompyuta zake za Flora Prius, iliweka Windows 98 na BeOS katika diski moja. Kompyuta zikauzwa. Lakini mnunuzi alipowasha yake, hakuonyeshwa orodha. Windows ilifunguka moja kwa moja. BeOS ilikuwamo, imelala ndani ya diski, na aliyetaka kuiona ilimpasa atafute maelekezo ya kuifichua. Ni sawa na kununua diwani ya washairi wawili, ukakuta kurasa za mmoja zimegandishwa kwa gundi.

Mikataba ya leseni baina ya Microsoft na watengenezaji wa kompyuta ilikuwa siri ya biashara. Kesi ya serikali ya Marekani, iliyofunguliwa Mei 1998 na ambayo hasa ilihusu kivinjari cha Netscape, iliifunua sehemu yake: mtengenezaji aliyeuza kompyuta yenye Windows alikatazwa kubadilisha hatua za kuwaka kwake kwa mara ya kwanza, kuondoa alama za programu za Microsoft, au kugeuza sura ya ukurasa wa mwanzo. Be nayo ilikuja kudai, katika kesi yake yenyewe ya mwaka 2002, kwamba masharti na mashinikizo ya Microsoft ndiyo yaliyozifanya Hitachi na Compaq zirudi nyuma. Februari 1999, Gassée alikuwa ametangaza kwamba angewapa BeOS bure watengenezaji ambao wangeiweka mahali ionekane pale kompyuta inapowashwa. Bure! Hakuna mtengenezaji mkubwa aliyejitokeza. Kitu cha bure kisipochukuliwa, ujue kina bei mahali pengine. Muuza kompyuta hupata faida nyembamba kwa kila mashine, na kama punguzo la leseni ya Windows likimponyoka yeye na kubaki kwa jirani yake, faida imekwisha. Nani angehatarisha riziki yake kwa ajili ya mistari miwili kwenye skrini?

Na haikuwa mara ya kwanza. Kabla ya makubaliano ya mwaka 1994 na serikali ya Marekani, Microsoft ilikuwa na mikataba iliyomtoza mtengenezaji ada kwa kila kompyuta aliyoiuza yenye kichakato cha aina fulani, awe ameweka mfumo wa Microsoft ndani yake au hakuweka. Aliyetaka kuuza mfumo mwingine alilipa mara mbili. IBM, iliyokuwa na mfumo wake wa OS/2, ilikataa kuuacha. Kwa mujibu wa matokeo ya mahakama, leseni yake ya Windows 95 ilitiwa saini dakika 15 tu kabla ya sherehe ya uzinduzi, tarehe 24 Agosti 1995. Washindani wake walikuwa wamekwisha kujiandaa kwa msimu wa mauzo. Jaji Thomas Penfield Jackson, katika matokeo aliyoyatoa Novemba 1999, alieleza kwamba kwa muongo mzima sehemu ya Windows katika soko la mifumo ya kompyuta za aina ya Intel haikushuka chini ya asilimia 90. Mwenye soko la namna hiyo hahitaji kumpiga mtu; akikohoa tu, wengine hunyamaza.

Sasa nije kwenye lile lililonifanya nishike kalamu. Microsoft ilipoulizwa kwa nini inawafunga watengenezaji mikono, mojawapo ya utetezi wake ulikuwa hakimiliki. Windows, ilisema, ni kazi iliyotungwa. Mtunzi ana haki ya kuona kazi yake inamfikia msomaji kama alivyoitunga, bila mtu wa kati kuondoa hiki na kubandika kile.

Nilipoisoma hoja hii mara ya kwanza nilikiri moyoni kwamba ina uzito, na mshairi yeyote aliyewahi kuchapwa atanielewa. Ni nani kati yetu ambaye hajawahi kukuta kina chake kimebadilishwa na mhariri aliyedhani anasahihisha tahajia? Ni nani asiyewahi kuona beti zake saba zimetoka tano kwa sababu ukurasa ulijaa? Sisi ndio wa kwanza kupiga kelele shairi likiguswa. Kama kuna kundi la watu lililo tayari kuamini kwamba kazi ya mtunzi isitiwe mkono, ni sisi.

Mahakama ya Rufani ya Washington, katika hukumu ya tarehe 28 Juni 2001, haikuamini. Ilisema hoja hiyo inakaribia kuwa ya mzaha, ikatoa mfano wa gongo la besiboli: kwamba gongo ni mali yako hakukuondolei dhima ya madhara utakayoyafanya nalo. Hata hivyo majaji hawakuitupa yote. Walikubali sharti moja miongoni mwa yale waliyoyapima: mtengenezaji asiruhusiwe kuifanya kompyuta, mara tu Windows inapomaliza kuwaka, ijitokeze na sura nyingine kabisa ili mtumiaji asiione Windows hata mara moja. Huko, walisema, ni kuigeuza kazi yenyewe. Masharti mengine waliyahukumu kuwa ni kulinda ukiritimba.

Nadhani majaji wale, pengine bila kukusudia, walichora mstari ambao sisi watunzi tumekuwa tukiuhitaji. Haki ya mtunzi yaishia kwenye jalada. Ndani ya jalada, koma ni yake, kina ni chake, na anayekiharibu amemkosea. Nje ya jalada pana rafu, na rafu ni ya muuza vitabu na ya msomaji. Mshairi hawezi kumwambia mwenye duka: ukiuza diwani yangu, usiweke ya fulani kando yake, au ukiiweka, iweke kinyumenyume mgongo usionekane. Angesema hivyo tungemcheka, na kama ndiye pekee anayesomwa mjini, tungemwogopa.

Bawabu wa kompyuta yuko nje ya jalada. Orodha yake haigusi herufi moja ya Windows. Hutokea kabla Windows haijaanza, huuliza swali moja, na aliyechagua Windows huipata nzima. Kumkataza mtengenezaji asimweke bawabu wa namna hiyo ni kudai umiliki wa rafu kwa kutumia hati ya kitabu.

Be haikuishi kuifurahia hukumu hiyo. Agosti 2001 ilitangazwa kwamba mali zake zinanunuliwa na Palm kwa hisa za thamani ya dola milioni 11. Kesi yake ilimalizwa nje ya mahakama Septemba 2003: Microsoft ililipa dola milioni 23.25 bila kukiri kosa. Katika hukumu ya mapatano ya kesi ya serikali, iliyothibitishwa Novemba 2002, mlikuwamo kifungu kinachowaruhusu watengenezaji kumpa mtumiaji nafasi ya kuuita mfumo mwingine kabla Windows haijaanza. Kifungu kizuri. Aliyekipigania alikuwa kaburini.

Watetezi wa Microsoft wana jibu ambalo nimelisikia mara nyingi, hata kutoka kwa vijana wetu wanaojua kompyuta kuliko mimi: mbona kila mtu alikuwa huru kuiweka BeOS mwenyewe? Nani alimzuia? Kwa maneno yake, jibu hilo ni kweli. Lakini litazameni pale linapotugusa sisi.

Tangu enzi za Windows XP, Microsoft imekuwa na kiolesura cha Kiswahili, na nawashukuru waliokihangaikia. Upande wa programu huria, Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux ilitoa Jambo OpenOffice mwezi Desemba 2004, programu ya kuandikia na kukokotolea yenye menyu za Kiswahili. Kwa hiyo Kiswahili kimo katika kompyuta kwa takriban miaka 20. Sasa ingia duka lolote la mjini, uwashe mashine. Kiswahili katika Windows kimekuwa nyongeza, kitu cha kupakuliwa na kulazwa juu ya Kiingereza na mtu aliyekwisha kujua kwamba kipo na mahali pa kukitafuta.

Mwaka jana nilikwenda kununua kompyuta ndogo iliyokwisha kutumika. Kijana wa dukani aliniamkia kwa adabu, nami nikamwambia nataka inayozungumza Kiswahili. "Mzee, kompyuta haina Kiswahili," akaniambia, si kwa dharau, kwa huruma tu, kama unavyomwambia mtu mzima kwamba basi lilikwisha kuondoka. Nikamwomba aniunganishe na intaneti yake. Ilinichukua karibu nusu saa ya kufungua na kufunga mipangilio. Maandishi yalipogeuka, kijana akainama hadi pua ikakaribia skrini: "Kumbe kipo!" Ameuza kompyuta miaka sita. Nani alimzuia? Hakuna. Wala hakuna aliyemzuia mnunuzi wa Hitachi kuifichua BeOS.

Kwa hiyo ninaposikia kwamba kitu kikiwepo basi watu wako huru kukichagua, huwakumbuka hao wawili. Watu huchagua kati ya vile walivyoonyeshwa saa ya kuchagua. Anayepanga kinachoonekana katika sekunde tano za kwanza ameamua mengi, na huyo hapaswi kuwa mmoja wa wanaoshindana. Sisemi haya kwa chuki na Windows. Makala haya nayaandika ndani yake.

Mambo yamebadilika kidogo tangu 2002, na si yote kwa wema. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kompyuta mpya huja na ulinzi unaokagua saini ya kila programu inayoamka mwanzoni. Ulinzi huo una sababu ya haki: kuna virusi vinavyojificha hapo hapo kwa bawabu, mahali ambapo programu ya kukinga virusi haifiki. Lakini ufunguo unaotambulika karibu kila mashine ni wa Microsoft, na mifumo mingi ya Linux huingia kwa programu ndogo iitwayo shim, iliyotiwa saini ya Microsoft. Mshindani anabisha hodi kwa mhuri wa mwenye nyumba. Mwanzoni Microsoft iliwataka watengenezaji wa kompyuta za aina ya Intel wamwachie mwenye mashine uwezo wa kuuzima ulinzi huo. Ilipokuja Windows 10 mwaka 2015, jambo hilo likaachwa kwa hiari ya mtengenezaji. Agosti 2024 lilitoka sasisho la usalama la Windows, nalo liliziba tundu la kweli. Ilikuwa imeelezwa kwamba halitazigusa kompyuta zenye mifumo miwili. Likazigusa. Watu wengi wakaamka asubuhi na kukuta Linux yao haifunguki, na skrini ikiwaambia kwamba kuna jambo kubwa limeharibika. Haikuwa haiku.

Siamini kwamba hilo la 2024 lilikusudiwa. Hata hivyo, bawabu anapoajiriwa na mpangaji mmoja, makosa yake nayo huelemea upande mmoja.

Wapenzi wa BeOS hawakukubali ife. Mwaka 2001 walianza kuuandika upya, msimbo kwa msimbo, na mwaka 2004 wakaupa mradi wao jina jipya: Haiku, kwa heshima ya vile vishairi vya NetPositive. Hadi leo unatengenezwa na watu wa kujitolea, na hutolewa bure. Nimeuweka katika ile kompyuta ya dukani, kando ya Windows, na kila asubuhi bawabu wangu huniuliza.

Wako miongoni mwetu walimu, na wengine hukaa katika kamati zinazoandika zabuni za kompyuta za shule na maktaba. Kwao nina ombi lenye vifungu viwili vya kuongeza katika karatasi ya masharti. Cha kwanza: mashine ikiwashwa kwa mara ya kwanza, Kiswahili kiwe katika orodha ya lugha bila kupakua chochote. Cha pili: mwenye mashine apewe kwa maandishi njia ya kuweka mfumo wa pili na kumwona bawabu akiuorodhesha. Muuzaji atakayesema haiwezekani, mwulizeni mkataba gani unamkataza, naye aulete mezani.